Benchi la Maabara: Barua za msimu wa mashindano ya baiolojia

Toleo lililopita niliwaachia fumbo la urithi, nikawaomba pia mnitumie maswali kuhusu kujiandaa kwa mashindano ya baiolojia ya sekondari. Fumbo limeniletea ugomvi, nao nimeuweka mwisho kwa sababu unataka nafasi. Barua nyingine nimezifupisha, hasa salamu, ambazo baadhi yenu mmezifanya ndefu kuliko swali.

Shikamoo mwalimu. Nipo kidato cha tatu na nimeingia kwenye timu ya shule. Nimesoma kitabu kikubwa cha baiolojia mwanzo hadi mwisho, nikarudia tena. Sentensi zote muhimu nimezipaka rangi. Kwenye mchujo nimepata chini ya nusu, na mwenzangu ambaye hajafika hata katikati ya kitabu amenipita. Kuna kitabu kingine nisome?

Marahaba, mwanangu. Kitabu ulicho nacho kinatosha. Ukiongeza cha pili utakuwa umejipatia kurasa nyingine za kupaka rangi tu. (Kalamu hizo sizipendi, na wanafunzi wangu wanajua. Zinampa mtu raha ya kumaliza kazi ambayo hajaianza.)

Tazama swali la mashindano linavyotungwa. Mtihani wa darasani utakuuliza DNA, ile molekuli ya urithi yenye nyuzi mbili, hujinakili vipi, nawe utajibu kwamba kila uzi wa zamani hubaki na kupata mwenzake mpya, utapewa alama zako. Mtunzi wa mashindano anajua kwamba jibu hilo unalo. Kwa hiyo hakuulizi. Anakupa jaribio.

Chukua lile la Matthew Meselson na Franklin Stahl, lililochapishwa mwaka 1958. Walikuza bakteria wa E. coli kwa vizazi vingi katika chakula chenye naitrojeni nzito, isotopu (yaani aina ya atomu) ya 15, mpaka DNA yao yote ikawa nzito. Kisha wakawahamishia kwenye naitrojeni ya kawaida, ya 14. Kila kizazi walichota sampuli, wakatoa DNA na kuizungusha kwa kasi kubwa mno ndani ya mmumunyo wa chumvi ya metali iitwayo sizi (cesium), ambamo DNA nzito hutulia chini zaidi na nyepesi hutulia juu zaidi. Baada ya kizazi kimoja ulionekana mstari mmoja tu, katikati ya nzito na nyepesi. Baada ya vizazi viwili ilionekana mistari miwili yenye wingi sawa: mmoja palepale katikati, mwingine kwenye nyepesi.

Sasa funga kitabu ufikiri. Wakati ule zilikuwepo dhana tatu. Ya kwanza ilisema DNA ya zamani hubaki nzima na mpya hutengenezwa nzima pembeni. Ya pili ni hii tunayoifundisha leo. Ya tatu ilisema vipande vya zamani na vipya huchanganyika ndani ya kila uzi. Kizazi cha kwanza kinaua dhana gani? Kinaua ya kwanza, maana kama ingekuwa kweli tungeona mistari miwili, mzito na mwepesi, bila chochote katikati. Lakini ya tatu bado inapumua, kwa sababu hata mchanganyiko ungetoa mstari wa katikati. Kizazi cha pili ndicho kinaimaliza: mchanganyiko ungetoa mstari mmoja uliosogea juu kidogo, usingetoa miwili.

Hapo ndipo swali lenyewe linaanza. Baada ya kizazi cha tatu utaona nini? (Robo katikati, robo tatu kwenye nyepesi.) Na kama mtafiti angechukua DNA ya kizazi cha kwanza, akaipasha moto mpaka nyuzi zikaachana, ndipo akaizungusha, angeona mistari mingapi? Miwili, uzi mzito na uzi mwepesi, na dhana ya tatu ingekufa siku hiyohiyo bila kusubiri kizazi cha pili. Swali hili halimo katika sentensi yoyote uliyoipaka rangi, lakini yote yanayohitajika kulijibu umeyasoma mara mbili.

Nadhani mwenzako aliyekupita husoma hivi, pengine bila kujua. Basi fanya hivi: ukifungua sura mpya, anza na michoro na grafu. Maelezo yaliyo chini yake yafunike kwa karatasi. Soma mhimili wa chini, soma wa kando, soma na vizio. Sema kwa sauti mstari unafanya nini, unapanda, unatulia au unashuka, kabla hujasema kwa nini. Grafu ya hemoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni, ni mahali pazuri pa kuanzia: chini ni shinikizo la oksijeni, kando ni kiasi ambacho hemoglobini imekishika. Mkunjo wa mtoto aliye tumboni uko kushoto kwa ule wa mama yake. Weka kidole kwenye shinikizo moja la oksijeni, panda nacho wima, utaona kwamba pale ambapo damu ya mama inaachia oksijeni, ya mtoto bado inaishika. Ukishaliona hilo kwa kidole, jiulize: mnyama kama llama, anayeishi milimani ambako oksijeni ni haba, mkunjo wake utaegemea upande gani ukilinganishwa na wa wanyama wa nchi tambarare? Na msuli unaofanya kazi, unaotoa kaboni dayoksaidi na kuongeza asidi kwenye damu, utausukuma upande gani? Llama ni kushoto, msuli ni kulia. Kama ulilazimika kukumbuka, rudi kwenye kidole.

Mwalimu, mimi si mwanafunzi, ni kaka mtu. Mdogo wangu wa kike anajiandaa na mashindano na nimejitolea kumsimamia. Yeye anapenda mwili wa binadamu tu, mimea hataki kuisikia. Nimwache afuate anachokipenda au nimlazimishe?

Mlazimishe kidogo, kwa upole. Olimpiadi ya Kimataifa ya Baiolojia, iliyoanza mwaka 1990 katika mji wa Olomouc, huko iliyokuwa Czechoslovakia, ndiyo ambayo mashindano mengi ya kitaifa huiga mtindo wake. Mgawanyo wa mada uliozoeleka huko ni huu: wanyama, maumbile na utendaji wa miili yao, asilimia 25, seli asilimia 20, jenetiki na mageuko asilimia 20, mimea asilimia 15, ikolojia asilimia 10, tabia za wanyama asilimia 5, uainishaji wa viumbe asilimia 5. Utaona kwamba binadamu hana fungu lake. Yumo ndani ya ile 25 pamoja na samaki, wadudu na minyoo. Dada yako akijua figo ya binadamu vizuri lakini hajui kwamba samaki wa maji baridi hukojoa mkojo mwingi mwepesi kwa sababu maji yanamwingia bila kukoma, hata hiyo 25 hajaishika.

Mimea ndiyo inayoangusha wengi, nami naona sababu ni kwamba inafundishwa kama orodha ya majina. Mwanzishie kwa swali ambalo mtu wa miili ya wanyama atalipenda: mti mrefu hauna moyo, sasa maji yanafikaje juu? Atakapoanza kubishana nawe kuhusu mvutano wa maji ndani ya zailemu, mirija inayopandisha maji, na tundu za majani zinazofunguka na kufunga, umeshampata. Jenetiki asiiguse kwa kusoma tu. Ni ya kalamu na karatasi, kila siku swali moja au mawili, kama hesabu.

Tabia za wanyama na uainishaji aviache nyuma, ila asivitupe. Alama za hapo hupatikana kwa kazi ndogo.

Mwalimu, shule yetu ina hadubini moja na lenzi yake ina ukungu. Mashindano yana sehemu ya vitendo. Tukate tamaa?

Hapana. Sehemu ya vitendo hupima mikono na macho, na hivyo viwili mnavyo. Mashine za gharama, zikiwepo, huja na maelekezo mezani. Anayeshindwa huko mara nyingi ameshindwa kusoma maelekezo mpaka mwisho kabla ya kugusa kitu.

Anzeni na ua, lolote lenye sehemu kubwa. Tumieni wembe mpya, maana mkongwe unaponda badala ya kukata. Likateni kwa urefu katikati kabisa, wembe upite ndani ya ovari, sehemu ambamo mbegu hutokea. Kisha lichoreni. Mchoro wa baiolojia ni mstari mmoja mmoja, safi, usiokatikakatika. Hakuna kutia kivuli, hakuna urembo. Mistari ya majina ipigwe kwa rula, isipishane. Pimeni ua halisi, pimeni mchoro, gawanyeni: mchoro wa milimita 120 wa ua la milimita 30 umekuzwa mara 4, na hiyo ×4 iandikwe. Nimeona vijana wenye vipaji vya sanaa wakipoteza alama hapa kwa kuchora ua wanalolijua badala ya ua lililo mbele yao. Stameni, yaani viungo vya kiume vya ua, zikiwa sita, chora sita, hata kama kitabu kilisema kumi.

Halafu angalieni ovari imekaa juu ya mahali petali (vile vijani vya rangi vya ua) zinapoanzia au chini yake. Kateni ovari nyingine kwa upana, hesabuni vyumba. Petali zikienda kwa tatutatu, mko upande wa mimea yenye ghalambegu moja, yaani jani moja la kwanza ndani ya mbegu. Zikienda kwa nne au tano, mara nyingi ni ghalambegu mbili. Kwa zoezi la uainishaji, okoteni majani kumi tofauti mtengeneze ufunguo wa utambuzi, kila hatua ikiwa na njia mbili, kisha mpeni mtu ambaye hakuwepo. Akifika kwenye jani lisilo lake, ufunguo una ubovu, na karibu kila mara ubovu huo ni neno kama “kubwa” au “laini”. Jani lina meno ukingoni au halina: hilo halibishaniwi.

Kuhusu seli, hadubini yenye ukungu inatosha kuona ngozi nyembamba ya kitunguu chekundu. Tone la maji ya chumvi kando ya kioo cha kufunikia, karatasi ya kunyonya upande wa pili, na mtaona ile rangi ya zambarau ikijikunyata kutoka kwenye kuta za seli. Rudisheni maji matupu, itatanuka tena. Msipokuwa na hadubini kabisa, vipande vya kiazi mviringo vilivyokatwa sawasawa vinafanya kazi nzuri zaidi ya vipimo. Pimeni uzito, viacheni ndani ya maji yenye viwango tofauti vya chumvi kwa muda sawa, vifuteni maji ya juu, pimeni tena. Chukueni badiliko kwa asilimia, si kwa gramu, kwa kuwa vipande havikuanza na uzito mmoja. Chora grafu. Pale mstari unapokata sifuri, kiazi na mmumunyo havidaiani maji. Hapo kuna swali zima la mashindano, na limewagharimu kiazi na chumvi.

Mwisho, fanyeni mazoezi ya kuzimua. Bomba la sindano lisilo na sindano linatosha badala ya pipeti, na maji ya rangi badala ya bakteria. Mililita 1 ndani ya maji mililita 9, changanya, chota 1 kutoka humo peleka kwenye 9 nyingine, endelea mpaka mara nne. Kwenye karatasi jifanyeni mmepaka mililita 0.1 ya neli ya nne kwenye sahani, yakaota makundi 47 ya bakteria, kila kundi likihesabiwa kuwa limeanza na bakteria mmoja. Neli ya kwanza kabisa, kabla ya kuzimuliwa, ilikuwa na wangapi kwa mililita? 47 gawanya kwa 0.1, mara 10,000: ni 4,700,000. Wanaokosea hapa karibu wote wamesahau ile 0.1.

Kwenye maswali yenye kauli nne, kila moja ya kweli au si kweli, niache wazi nisizozijua?

Soma kwanza kanuni za mashindano yako. Katika mfumo ambao Olimpiadi ya Kimataifa imewahi kuutumia, kauli zote nne zikiwa sahihi unapata 1, tatu 0.6, mbili 0.2, chini ya hapo sifuri. Hakuna kukatwa alama, kwa hiyo kuacha wazi ni kutupa. Mwenye kubahatisha zote nne kwa upofu hupata wastani wa kama 0.29. Mwenye uhakika wa mbili akabahatisha mbili hupata wastani wa 0.6. Piga hesabu mwenyewe uone. Na kama mashindano yenu hukata alama kwa jibu la makosa, ipige upya kwa kanuni zenu.

Ila hatari kubwa ya maswali haya iko kwingine. Kauli inaweza kuwa kweli duniani na isiwe kweli kwa swali. Ukiulizwa “data hizi zinaonyesha kwamba...”, halafu data hazikupima kitu hicho, jibu ni si kweli, hata kama umekijua tangu shule ya msingi.

Mwalimu, mwanangu anakesha na vitabu mpaka saa tisa usiku, asubuhi anasinzia mezani. Nikimwambia alale anasema wenzake wanamwacha. Mimi sikusoma sayansi, sijui nimsaidieje.

Mama mwenzangu, zima taa. Ubongo huyaimarisha wakati wa usingizi yale uliyoyapokea mchana. Anayekesha anajaza pipa na kulitoboa kwa wakati mmoja. Baiolojia hiyohiyo anayoisoma inamwambia hivyo, mwonyeshe sura ya mfumo wa neva.

Kumsaidia unaweza sana, na kutosoma sayansi ni faida. Kila jioni mwambie akueleze mchoro mmoja. Usikubali neno usilolielewa. Akikwambia jambo, muulize, “Umejuaje?” Akijibu “kitabu kimesema”, muulize tena.

Mwalimu, kwa heshima zote, jibu la fumbo lako si sahihi. Umesema uwezekano wa dada wa mgonjwa kuwa mbebaji, yaani kuwa na jeni moja yenye hitilafu bila kuugua, ni 2/3. Kila mwalimu aliyenifundisha amesema nusu ya watoto wa wabebaji wawili ni wabebaji. Naomba mrekebishe.

Huyu hakuwa peke yake. Barua za namna hii zimekuwa nyingi, moja imeandikwa kwa herufi kubwa tupu.

Kwa ambaye hakuliona, fumbo lilikuwa hivi. Kuna ugonjwa unaompata mtu pale tu anaporithi jeni yenye hitilafu kutoka kwa wazazi wote wawili. Mwanamke mzima, asiye na ugonjwa, ana kaka aliyeugua. Wazazi wao hawaumwi. Ameolewa na mwanamume mzima asiye ndugu yake, kutoka jamii ambamo mtu 1 kati ya 50 ni mbebaji. Kuna uwezekano gani mtoto wao wa kwanza akawa mgonjwa?

Wazazi wa mwanamke lazima wote ni wabebaji, kwa kuwa walizaa mgonjwa nao hawaumwi. Jeni nzima tuiite A, yenye hitilafu a. Watoto wao wanaweza kuwa AA, Aa, aA au aa, kila moja kwa uwezekano sawa. Wabebaji ni wawili kati ya wanne, nusu, na walimu wako hawakukudanganya. Lakini nusu hiyo ni ya mtoto ambaye bado hatujamwona. Huyu tumemwona. Ni mzima. Basi aa haimhusu tena, ifute. Zimebaki tatu, na mbili kati ya hizo ni za mbebaji.

Kwa hiyo 2/3 kwa mke, mara 1/50 kwa mume, mara 1/4 ya mtoto wa wabebaji wawili kuugua: 1/300. Kwa nusu yako ungepata 1/400.

Ungekuwa sahihi lini? Kama ugonjwa huo huanza kuonekana ukubwani, na swali lilimhusu dada ambaye bado ni mtoto mchanga. Hapo uzima wake hautuambii kitu, hakuna cha kufuta, na nusu inasimama. Ndiyo maana mtunzi wa swali aliandika “mwanamke mzima, asiye na ugonjwa”. Maneno hayo hayakuwekwa kama pambo.

Ili tusiachane kwa kinyongo, fumbo linaendelea. Wawili hao wamezaa mtoto wa kwanza, naye ni mzima, na ugonjwa wenyewe ungejionyesha tangu kuzaliwa. Je, kwa mtoto wa pili hatari bado ni 1/300? Imeshuka hadi 3/1196, karibu 1/399. Jibu nimeshawapa, kwa hiyo msinitumie jibu. Nitumieni hatua.